Paka Mtasema na Mkanda wa Leso

Paukwa!

Pakawa!

Mh. Pakawa gani hiyo, kama ya wagonjwa? Ninyi wa kule nyuma mnatafuna nini? Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Watoto mbele, wakubwa nyuma, wenye vikohozi karibu na mlango.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokuwa wakisemezana na kuelewana, palikuwa na mwanamke mmoja katika mtaa wa Kitovuni. Jina lake Bi Mashavu. Kazi yake kusuka mikeka. Mume alikwisha kufa. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakaenda zao. Bi Mashavu akabaki na mikeka yake, akaona mikeka haisemi, akafuga paka.

Paka wa kwanza alitoka nje kutembea. Akakutana na chatu kwenye majani. Gulu! Basi.

Paka wa pili alitoka nje kutembea. Akafika mtaa wa pili, akapata mchumba, akaoa huko huko. Hakurudi hata kusalimia.

Bi Mashavu akalia mara mbili. Kwa yule wa kwanza alilia kwa huzuni, kwa yule wa pili alilia kwa hasira. Kisha akapata paka wa tatu, dume, rangi yake kama mchuzi wa manjano. Akasema, "Huyu hatoki." Akafunga mlango.

Majirani wakaanza. "Mmemwona Bi Mashavu? Anamfungia paka ndani kama mwali!" Mwingine akasema, "Mwali huchezwa akatoka. Huyu hata ngoma hana." Aliyesema zaidi ya wote ni Bi Somoe, wa nyumba ya pili. Bi Somoe ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Bi Mashavu akasikia yote. Hakujibu. Alimpa paka jina tu. Akamwita Mtasema.

Kila asubuhi akafungua dirisha, akaita kwa sauti ndefu, "Mtasemaaa! Mtasemaaa!"

Mtaa mzima ukasikia. Je, ni paka anaitwa, au ni wao wanaambiwa? Hawakujua. Bi Somoe alisema yeye anajua. Akanuna miezi mitatu.

Sasa tumwangalie paka mwenyewe. Mtasema akala, akalala. Akaamka, akala, akalala. Akanenepa. Akawa akiingia chumbani, tumbo linatangulia, yeye anafuata baadaye. Mchana alikaa dirishani. Akaona panzi, taya likamcheza, ka-ka-ka-ka. Akaona mjusi, ka-ka-ka-ka. Panzi akaenda zake. Mjusi akaenda zake. Mtasema akabaki.

Siku moja akasema, "Bi Mashavu."

"Naam, baba."

"Mimi nitakufa."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimechoka kuinusa dunia kupitia dirishani."

"Nje kuna chatu, baba."

"Chatu yule alikwisha shiba."

Bi Mashavu akautazama mlango, hakuufungua. Usimlaumu. Mtu aliyepoteza wawili anamshika wa tatu kwa mikono yote miwili. Lakini alimtazama yule paka, akaona macho yamefifia, manyoya yamelala, akaingiwa na huruma. Akachukua leso yake kuukuu. Akakata mapande mawili. Pande moja la shingoni, pande jingine la kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Akayaunganisha mgongoni kwa kipande cha tatu. Hapo mgongoni akafunga kamba, urefu wake pima mbili.

"Mtasema, njoo ujaribu nguo."

"Sikuagiza nguo."

"Hii ndiyo ya kutokea nje."

Aliposikia nje, akaja mbio. Bi Mashavu akamvisha. Akafunga huku, akafunga huku. Akasema, "Haya, simama tukuone."

Puu! Mtasema akaanguka ubavu kama tambara la kudekia.

"Nimekufa," akasema.

"Hujafa."

"Miguu ya nyuma sina."

"Unayo, naiona."

"Hiyo si yangu."

Bi Mashavu akaenda jikoni. Akarudi na kichwa cha samaki, akakiweka mlangoni. Maiti akafumbua jicho moja. Maiti akanusa. Maiti akasogea kidogo kwa tumbo. Mara maiti kasimama, kafika mlangoni, kichwa cha samaki hakipo!

Ndivyo Mtasema alivyotoka nje.

Siku ya kwanza walifika kwenye ngazi ya barazani. Mtasema akainusa ile ngazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Siku ya pili walifika kwenye ukuta. Akaunusa ukuta wote, jiwe kwa jiwe. Siku ya tatu akala majani matatu, akaenda kuyatapika mlangoni kwa Bi Somoe. Na Bi Mashavu? Bi Mashavu kasimama juani, kashika kamba.

"Mtasema, twende basi."

"Subiri. Hapa kapita mtu."

"Kapita nani?"

"Sasa si ndiyo nanusa?"

Akatokea panzi. Fyuu! Mtasema huyo. Fyuu! Bi Mashavu naye huyo nyuma, ndara moja huku, ndara moja kule, mtandio uko kwenye mpapai. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini paka alianza kupona. Tumbo likapungua. Macho yakang'aa. Na Bi Mashavu, ambaye zamani alikaa ndani na mikeka siku nzima, akaanza kulala usingizi mzuri na kula sahani mbili.

Basi ingeishia hapo kama si Kunguru.

Kunguru alikuwa juu ya paa. Kunguru mnamjua. Hana shamba, hana kibarua, ana mdomo. Akawaona wanapita, akaimba:

"Paka kafungwa kamba, kwaa!
Bibi kashika kamba, kwaa!
Nani kamfuga mwenziwe? Kwaa! Kwaa!"

Imbeni nami jamani, msiniache peke yangu kama kichaa.

Paka kafungwa kamba, kwaa!
Bibi kashika kamba, kwaa!
Nani kamfuga mwenziwe? Kwaa! Kwaa!

Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa kwenye kigingi kando ya njia. Akainua kichwa, akasema, "Karibu chamani, ndugu."

Mtasema akavimba. "Mimi si mbuzi."

Mbuzi akacheua, akameza. "Hata mimi siku ya kwanza nilisema hivyo hivyo."

Mtasema akaona haya. Akaharakisha. Na mbele, juu ya pipa la taka, alikuwa ameketi Shume. Hilo ni paka dume la mtaani, lisilo na kwao. Uso mpana kama sahani. Sikio moja zima, sikio moja nusu. Harufu yake ilimtangulia kama mkubwa anavyotanguliwa na matarumbeta.

Shume akasema, "Ebu simama. Wewe ni dume, au ni mkoba?"

"Ni dume."

"Dume lenye mpini?"

Kunguru akacheka mpaka akateleza paani. Mtasema akarudi nyumbani kichwa chini. Mchana ule hakula. Yaani, alikula kidogo. Alikula nusu. Haya, alikula chote, lakini bila furaha.

Kesho yake Bi Mashavu alisimama njiani kusalimiana na mtu. Salamu za Kitovuni mnazijua. Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mguu, habari za mguu wa pili. Shume akaja nyatu, nyatu, nyatu, mpaka ubavuni kwa Mtasema.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "nakuonea uchungu. Ukivuta mbele unajikaza mwenyewe. Rudi nyuma. Inamisha kichwa. Kusanya mabega. Halafu chupa, utoke!"

"Halafu niende wapi?"

"Unauliza wapi? Ulimwengu wote ni wako! Nakusubiri nyuma ya nyumba ya Bi Somoe."

Mtasema akamtazama Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa bado kwenye habari za mguu wa pili. Mtasema akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili. Akainamisha kichwa. Akakusanya mabega.

Chupa!

Tifu, tifu, tifu, kakata kona.

Bi Mashavu akamaliza salamu, akageuka. Kamba ipo. Mkanda upo. Paka hayupo. Akauinua ule mkanda, akatazama ndani yake, kana kwamba paka amejificha kwenye pindo. Akamkumbuka wa kwanza. Akamkumbuka wa pili.

Huko nyuma ya nyumba ya Bi Somoe, Mtasema alifika anahema, anacheka peke yake. Akajigaragaza mchangani bila kamba. Akaruka juu, akaruka chini. Akakojolea jiwe, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa akimsubiri. Watoto msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Shume akasema, "Leo tunakula. Jikoni kwa Bi Somoe kuna samaki changu mzima wa kukaanga. Kafunikwa kwa kawa. Wewe mgeni, tangulia. Mimi nitalinda mlango."

"Hakuna mbwa?"

"Mbwa? Uani kwa Bi Somoe? Labda umewaota."

Kumbe mbwa walikuwako. Mbwa koko watatu, wamelala nyuma ya kuni, kila siku wanasubiri mifupa hapo. Shume aliwajua kwa majina. Kwa muda mrefu aliwatamani samaki wa jiko lile, ila hakuwa na mtu wa kukimbizwa badala yake. Sasa amempata, tena mnono.

Mtasema akaingia jikoni. Akasukuma kawa kwa pua. Kawa likaanguka, pwata! Mbwa wa kwanza akafungua jicho. Mbwa wa pili akafungua jicho. Mbwa wa tatu akauliza, "Nani?"

Shume akapita juu ya Mtasema kama upepo. Akamdaka changu kwa mdomo, akatokea dirishani, akapanda ukuta. Juu ya ukuta akageuka.

"Hihia, hugu yagu!" akasema. Maana yake, "Kimbia, ndugu yangu!" Mdomo ulikuwa umejaa.

Mtasema akakimbia. Mbwa nyuma yake, hau, hau, hau! Akazunguka kisima, mbwa wakazunguka kisima. Akapita chini ya kamba ya nguo, mbwa mmoja akatoka amevaa gauni. Akafika kwenye ukuta mrefu wa mawe. Akaruka. Puu, akaanguka. Akaruka tena. Puu, akaanguka. Siku zote zile dirishani hakujifunza kupanda hata kiti. Akageuka, mgongo ukutani. Mbwa hao mbele.

"Mnono huyu," akasema wa kwanza.

"Wa ndani huyu," akasema wa pili.

"Ananuka sabuni," akasema wa tatu, yule wa gauni.

Mtasema akasimamisha manyoya. Akafanya khaaa! Mbwa wa kwanza akamshika mguu wa nyuma. Mtasema akamparura pua, akaachiwa, damu ikamchuruzika mguuni. Akamtafuta Shume kwa macho. Ukutani hapakuwa na Shume. Palikuwa na mwiba mmoja wa samaki. Hapo ndipo Mtasema alipoelewa. Na kuelewa kwa wakati ule hakukumsaidia kitu, maana mbwa hawakuja kumfundisha, walikuja kumla.

Tuwaache hapo kidogo. Hapana, hawatamla bado. Nani anasimulia, mimi au wewe?

Bi Mashavu alikuwa njiani, mkanda mtupu mkononi, analia, anaita. "Mtasemaaa! Mtasemaaa!"

Wanawake wa Kitovuni walikuwa wanapika. Wakasikia. Mmoja akasema, "Leo kaja kututukania milangoni!" Mwingine akasema, "Tena mchana kweupe!" Bi Somoe akatoka mbele, mwiko mkononi. Wa pili akatoka na mchi. Wa tatu akatoka na ufagio. Wakafika wanane, na miko, na michi, na fagio.

"Tumesema nini?" akauliza Bi Somoe.

"Mtasema!" akalia Bi Mashavu.

"Nakuuliza, tumesema nini?"

"Paka wangu!"

"Usimsingizie paka! Miaka yote hii unatupiga vijembe, leo utatuambia! Njoo uani kwangu, uyaseme mbele yetu wote!"

Wakamshika mkono, wakamvuta, wakaingia uani wote, kelele juu, miko juu, michi juu.

Mbwa wakageuka. Wakaona wanawake wanane wamekasirika. Wakaona michi. Na mbwa wa mtaani hujua mambo machache sana, lakini mchi wa mwanamke aliyekasirika anaujua.

"Jamani," akasema wa kwanza, "haya yote kwa paka mmoja?"

Hawakusubiri jibu. Wa kwanza akatokea kwenye tundu la ua. Wa pili akaruka kuni. Wa tatu, gauni likamziba macho, akapita katikati ya miguu ya Bi Somoe. Bi Somoe akampanda bila kutaka. Akabebwa hatua tatu, nne, tano, mwiko uko juu kama upanga. Puu! Akakaa chini.

Kimya. Zii.

Pale ukutani, kwenye kona, kitu cha rangi ya manjano kinatetemeka.

Bi Mashavu akasema polepole, "Mtasema."

"Nipo," akajibu paka.

Bi Somoe, bado amekaa chini, akamtazama paka. Akamtazama Bi Mashavu. "Kumbe ni paka kweli?"

"Ni paka kweli."

"Miaka yote hii ilikuwa paka?"

Bi Mashavu akafuta machozi. Hakutaka kusema uongo siku kama ile. "Kidogo ilikuwa paka," akasema. "Kidogo ilikuwa ninyi."

Bi Somoe akafikiri. Akaanza kucheka. Alicheka akiwa chini, wenzake wakacheka, Bi Mashavu akacheka huku analia. Wakainuana, wakapangusana mchanga. Halafu Bi Somoe akaenda jikoni, akaliona kawa limepinduka, na kicheko kikaisha. Siku hiyo kwa Bi Somoe walikula wali kwa pilipili.

Nyumbani, Bi Mashavu akampaka Mtasema manjano kwenye kidonda.

"Ulikwenda wapi, baba?"

"Kuwa huru."

"Ukaonaje?"

"Uhuru una mbwa wengi."

Bi Mashavu akaendelea kupaka. Kisha akauliza, "Ule mkanda ulikuwa unakuumiza?"

"Unabana kwapani."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya. Na kamba ni fupi. Kila nikifika pazuri, imeisha."

Bi Mashavu akashusha pumzi. "Niliifupisha kwa woga wangu. Si kosa lako, wala si kosa la chatu. Ni mimi."

Akaufumua mkanda ule. Akaushona upya, kwa leso mpya, pamba kwapani. Kamba akaifanya pima nne. Tena akaenda na Mtasema mpaka kwenye mti mfupi, akamwambia, "Panda." Akapanda shubiri moja, akaanguka. "Panda." Akapanda shubiri mbili, akaanguka. Siku ya saba alifika kwenye tawi. Bi Mashavu akasimama chini, mkono mmoja juu na kamba, mkono mwingine umefunika macho, anachungulia kati ya vidole. Watu wakapita, wakacheka. Mtasema akiwa juu ya tawi akawatazama, akajilamba. Hakushuka kwa ajili yao.

Zikapita siku. Asubuhi moja barazani wakasikia kwaru, kwaru. Alikuwa Shume. Amekonda. Mguu mmoja unachechemea. Lile sikio zima nalo sasa nusu.

Mtasema akamwona, makucha yakamtoka yenyewe. "Umefuata nini?"

"Napita tu," akasema Shume. Hakupita. Akakaa. "Yule changu alikuwa na miba."

"Vizuri."

"Mwiba ulinikwama kooni siku mbili."

"Vizuri sana."

Shume akatazama chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kucheka. "Nilikuacha kwa mbwa," akasema.

"Uliniacha."

"Nilifanya vibaya."

Mtasema akamsogelea. Alitaka kumrarua. Aliutazama mguu ule unaochechemea, akautazama wake wenye kovu, akaona miguu miwili mibovu inatosha kwa mtaa mmoja. Akarudisha makucha.

Shume akakohoa. "Huko ndani, mchana mnakula nini?"

"Vichwa vya samaki."

"Na huo mkanda. Si kwamba nautaka. Nauliza tu. Unawasha?"

"Zamani ulikuwa unabana. Siku hizi una pamba."

Mlango ukafunguliwa. Bi Mashavu akatokea, kashika kipande cha leso. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Akapiga magoti, akaanza kumpima Shume kifuani. Shume akang'aka mara moja kwa ajili ya heshima yake, kisha akanyoosha shingo.

"Sawa," akanong'ona, "lakini Kunguru asijue."

Wakatazama paani. Kunguru hakuwapo. Alikwisha ruka zamani, yuko mtaa wa tatu, anaimba.

Sasa fungueni masikio, niwape mafunzo, maana kuna watu hapa walikuja kwa ajili ya kucheka tu. Anayekucheka akakuita umfuate, kwanza uliza nani atakula na nani atakimbizwa. Na wewe unayempenda mwenzio, mpende, lakini usimkaze mpaka ashindwe kupumua. Mlegezee, umfundishe kupanda.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imelala. Iliyo tamu mwende nayo, iliyo chungu mniachie mimi niliyeisimulia.